Miaka Haiendi Yenyewe

Kuna ukurasa mmoja kwenye kitabu cha Kiingereza cha kidato cha nne ambao nimeufundisha mpaka nimeuchukia. Ni ule wa vitenzi vya maneno mawili, ambapo Mwingereza anachukua kitenzi chake cha kila siku, anakibandika kijineno ubavuni, na maana inahama kabisa. Ukurasa wenyewe unahusu muda. "Go by", muda unapita. "Fly by", unapita mbio hata hujaugusa. "Drag on", unajikokota. "Wear on", unasogea taratibu huku ukikuchosha. "Slip away", unakuponyoka mkononi. "Run out", umekwisha, weka kalamu chini.

Wanafunzi wangu wa hapa Morogoro mjini huukariri kama sala, halafu wanakwenda kuumwaga wote kwenye insha moja. Mtoto anaandika habari za safari ya shule kwenda Mikumi, na humo ndani muda umeruka, umejikokota, umewaponyoka na umekwisha, yote hayo kabla basi halijafika Doma. Nawachorea wino mwekundu, nawaambia jamani chagueni kimoja tu, kimoja kinatosha. Mwaka unaofuata wanakuja wengine na kufanya vilevile. Nilishaacha kushangaa, nikawa nachora tu.

Sikutegemea kwamba ukurasa ule utakuja kunifuata nyumbani.

Mwanangu ni muuguzi katika hospitali moja ya hapa mjini, na ndiye mtoto pekee niliyejaliwa. Mwaka jana akaamua kutafuta kazi ya uuguzi Ulaya, kama wenzake wawili watatu waliomtangulia. Vyeti anavyo, uzoefu anao. Kilichobaki ulikuwa mtihani wa Kiingereza, na humo kusoma na kuandika havikumsumbua. Tatizo lilikuwa kuzungumza, kwa sababu unakaa na msahihishaji ana kwa ana, anakupa mada, na unatakiwa uongee mfululizo huku muda unahesabiwa. Mwanangu anaongea vizuri mno na wagonjwa. Mwambie aongee kwa kupimwa, anakauka mate.

Basi akawa anakuja kwangu jioni, akitoka kazini, na binti yake wa miaka minne mgongoni au mkononi. Nyumba yangu iko upande wa kwenda Mzinga, na kutoka barazani milima ya Uluguru unaiona yote kama haina wingu. Mtoto akishushwa anakimbilia jikoni moja kwa moja kufunua masufuria. Mama yake anakaa mezani, anavua viatu, anafungua ukurasa ule ule ninaouchukia, nami natafuta miwani yangu.

Niseme wazi nilikuwa katika hali gani. Nilikuwa nimebakiza kipande cha mwaka nistaafu. Nimejenga vyumba viwili Mgeta, huko juu kabisa, hatua chache tu kutoka kwa mama yangu mzazi, ambaye amekula chumvi nyingi na bado anainama shambani. Ndoto yangu haikuwa kubwa. Nilitaka kuamka bila kengele, nijifunike blanketi zito kwa ile baridi ya kule, halafu jua likitoka nikae na mama tuchambue njegere, tusikilize malori ya kabichi yakinguruma kuteremka kwenda Dar. Nilitaka nichoke mahali ambapo hakuna mtu anayenisubiri nimalize kuchoka.

Na nilikuwa naona linalokuja. Kwetu bibi haombwi kulea mjukuu. Hakuna kikao wala barua. Mtoto analetwa na begi lake, anaambiwa msalimie bibi, basi, imetoka. Kwangu hata begi lilikuwa halijaja, lakini vitu vilikuwa vinaingia kimoja kimoja. Zilianza kubaki ndala za mtoto. Ikafuata sweta, maana jioni kuna upepo. Ukaja mswaki. Siku moja nikakuta kikombe cha uji chenye picha ya sungura kwenye kabati langu, kimepangwa na vikombe vyangu kama kimezaliwa humo. Baba wa mtoto yupo, tena si mbali, yuko Kingolwira, ana mke mwingine na watoto wengine. Yeye hakuna aliyempelekea hata soksi.

Hakuna aliyesema kitu. Mwanangu hakusema, nami sikuuliza. Tukafundishana Kiingereza.

Katika vile vitenzi vyote alikipenda kimoja tu, "fly by". Nikimwambia atunge sentensi, miaka inaruka. Nikimwambia abadilishe, basi miezi inaruka. Nikamwambia, mwanangu, kuna na "drag on", kuna na "wear on", msahihishaji atataka kuona una akiba. Akacheka, akasema hivyo vya kujikokota havipendi, vina mkosi. Akatunga tena kwamba mkataba ni wa miaka kadhaa na hiyo miaka itaruka, hata haitajulikana imekwenda wapi. Wakati anaisema sentensi hiyo, mimi nilikuwa nimesimama jikoni nakoroga uji wa mtoto wake, maana uji wa ulezi ukiuacha unashika chini.

Ndipo nikaelewa kwa nini ukurasa ule unanitia hasira. Ndani yake muda unafanya kila kitu wenyewe. Unaruka, unajikokota, unaponyoka, na watu wapo wapo tu wakiutazama. Hakuna mtu anayeusukuma. Nyumbani kwangu hakuna mwaka uliowahi kwenda wenyewe. Kila mwaka kuna mtu ameuamsha, ameuogesha, ameupeleka shule, amekesha nao ukikohoa. Miaka ya mtoto inaruka kwa yule aliye mbali. Kwa anayechemsha uji inakwenda kijiko kwa kijiko.

Sikumwambia hayo. Nilisema tu, sentensi ni sahihi, endelea.

Mtihani wa kwanza alikwenda kuufanyia Dar, akafeli kipande cha kuzungumza. Nilimwuliza imekuwaje, na aliponieleza nilishika kichwa. Msahihishaji alikuwa mzee wa makamo. Mwanangu kaingia, kamwona mtu mzima, malezi yakampanda. Akamsalimia. Akamwuliza ameamkaje, na safari ilikuwaje, na familia aliiacha salama. Akampa pole ya kazi, maana aliona kuna watu wengi nje wanasubiri. Mzee wa watu anajaribu kumpa mada, yeye anamshukuru kwa nafasi. Alipopewa mada akaomba radhi kwanza kwamba Kiingereza chake si kizuri, akaomba avumiliwe, akamshukuru tena. Ndiyo anaanza kuzungumza, anaambiwa muda umekwisha.

"Lakini Mama, ningeanzaje kuongea na mtu mzima bila kumjulia hali?"

Ni mimi niliyemlea hivyo, yaani mimi na bibi yake. Nilimpa pole, nikamwekea chai. Na moyoni, nisidanganye, nilifurahi. Nililala vizuri usiku ule kuliko siku nyingi. Nikaona Mgeta imesogea tena karibu, nikaona na aibu pia, lakini aibu haikunizuia kulala.

Hakukata tamaa. Akajiandikisha tena, akarudi mezani kwangu, na sasa kazi yangu ikawa kumtoa adabu. Nilikaa upande wa pili wa meza nikajifanya msahihishaji, simu ikiwa imetegwa katikati ihesabu. Nikisema karibu, ajibu ahsante, akae, anyamaze. Akianza kuuliza habari za nyumbani nagonga meza. Pole asitoe. Radhi asiombe. Swali likiulizwa ajibu swali, kwa ufupi, bila kuzunguka. Mwanzoni alikuwa akicheka na kusema kwamba nikimgongea meza namkumbusha enzi zangu na fimbo. Baadaye akaacha kucheka. Mtoto wangu ni mwepesi, ukimwonyesha njia anaishika. Wiki zikapita na majibu yake yakanyooka, kila moja limekatwa vizuri, halina mkia.

Jioni moja tulikuwa tunafanya jaribio la mwisho mwisho. Mvua ilikuwa imeshika milimani, mtoto amelala kwenye kochi langu. Nikamwuliza maswali ya kawaida, kazi yake, mji anaoishi, kwa nini anataka kwenda. Akajibu vizuri. Halafu sijui ni nini kilichonisukuma. Nikamwuliza, kwa Kiingereza na kwa sauti ile ile ya msahihishaji, kwamba una mtoto mdogo, je, ukiondoka nani atamtunza?

Akajibu papo hapo, wala hakuinua macho.

"My mother. She has a lot of time. The years will fly by."

Mama yangu. Ana muda mwingi. Miaka itaruka tu.

Kwa Kiswahili asingeweza kulisema vile. Kwa Kiswahili angezunguka, angeanza na Mama sijui utanionaje, angelia kidogo, na katikati ya kuzunguka huko tungepata mahali pa kukutana, mimi na yeye. Nimemnyoosha mwenyewe, na jibu limetoka limenyooka. Nilitazama simu. Nikamwambia vizuri sana, umejibu ndani ya muda. Nikaenda kufunga madirisha ya chumbani ili asione uso wangu, nikakaa huko kitandani kidogo, kwa hasira na kwa uchovu, na uchovu ulikuwa mkubwa zaidi.

Mtihani wa pili akafaulu. Kazi ikapatikana, tarehe ikapangwa. Jumamosi yake akaja asubuhi na mtoto, na safari hii begi likaja kweli, lile la magurudumu, la rangi ya waridi. Akaliegesha sebuleni kando ya cherehani yangu. Akaanza kunieleza dawa ya kikohozi iko mfuko wa mbele, na kadi ya kliniki iko wapi, na kwamba siku hizi mtoto hataki mboga za majani mpaka zichanganywe na karanga. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikaweka kalamu chini.

Nilimwambia kwamba hajaniuliza.

Akadhani namtania. Akasema Mama nawe, kwani wewe ni mtu wa kuulizwa? Nikarudia, hujaniuliza. Nikamwambia kwamba nastaafu, kwamba nakwenda Mgeta, kwamba hilo analijua tangu tunachimba msingi, na kwamba magoti yangu hayawezi tena kukimbizana na mtoto kwenye zile njia za kule, mteremko huu na mteremko ule. Nikamwambia nimechoka. Nilipolisema hilo neno nilihisi kama nimetukana. Mama wa kwetu anaumwa, anazeeka, lakini kuchoka na wajukuu hachoki, haijapata kusikika.

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Kisha akaleta hoja ambayo nilikuwa naiogopa tangu mwanzo.

"Mbona bibi alinilea mimi ulipokwenda chuo? Na wala hakulalamika."

Ni kweli. Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu, yeye alikuwa mdogo kuliko mwanawe wa sasa, na baba yake alishatutoka. Nilimpandisha Mgeta kwa mama yangu, akakaa huko mpaka nilipomaliza chuo na kupata kituo cha kazi na chumba cha kupanga. Alirudi kwangu anaongea Kiluguru kitupu, mashavu mekundu kwa baridi, mnene. Nimekuwa nikiisimulia habari hiyo kama baraka. Kwenye harusi yake niliisimulia mbele za watu, na mama akiwa amekaa meza ya mbele akaitikia kwa kichwa.

Nikamwambia, basi niombe. Akavuta pumzi, akapiga goti pale kwenye zulia, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa, akaniomba kwa Kiswahili chake chote, kwa kuzunguka na machozi na kila kitu. Akasema mtoto akae tu na mimi mpaka mambo ya kule yakae sawa, atamfuata. Nilitaka nimkumbatie na nilitaka nimfukuze. Nikamwambia anipe mpaka Jumatatu, kwanza nikamwone bibi yake. Begi aondoke nalo. Aliondoka nalo, likikwaruza kwenye kokoto hadi barabarani.

Kesho yake nikapanda Mgeta. Gari linakufikisha linapoweza, baada ya hapo ni miguu. Nilipumzika njiani mara nyingi kuliko zamani, nikijifanya natazama matuta ya vitunguu na karoti, nikisalimiwa shikamoo na watoto wanaonipita mbio na madumu ya maji kichwani. Nilimkuta mama kwenye kibaraza, na ungo wa njegere magotini. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana za wazima na za wagonjwa, za mvua na za bei ya kabichi iliyoshuka. Nikavuta kigoda, nikaingiza mkono kwenye ungo.

Nilimweleza yote, la safari, la mtihani, la begi. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza nikamwuliza nililokuja nalo, kama anakumbuka siku nilipomleta binti yangu.

Akasema anakumbuka. Nilifika asubuhi, nikamkalisha mtoto pale penye jiwe la kusagia, nikasema huyu amekwishakula, nguo zake ziko kwenye kikapu, nikateremka mbio kuwahi gari.

"Niliwahi kukuomba, Mama?"

"Hukuniomba. Ulimleta tu."

"Na kama ningekuomba?"

Akapuliza maganda yaliyojaa kwenye ungo, yakaruka uani, kuku wakayakimbilia.

"Ningekataa," akasema.

Nilidhani nitaona hasira usoni kwake, au utani. Sikuona. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayekuelekeza ilipo chumvi. Akasema wakati ule alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutulea sisi, wa mwisho ameacha kulala naye, na yeye alikuwa amepanga kupumzika. Alitaka kwenda kukaa kwa dada yake Matombo walau msimu mmoja, hakupata kwenda, na dada akafa. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema angemwambia nani, gari lilikuwa limeshateremka. Nikamwuliza kwa hiyo hakumpenda yule mtoto? Hapo aliacha kuchambua akanitazama vibaya. Alimpenda, akasema, alimpenda mpaka leo, alimbeba mgongoni kwenye matuta haya akilima. Lakini alikuwa amechoka, na kupenda hakukumpumzisha.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, umeshafunika shamba la jirani. Nilijisikia mzito, siwezi hata kulia. Miaka yote ile nimekuwa nikisema ilikwenda haraka, chuo kilikuwa kama jana. Ilikwenda haraka kwangu. Alikuwepo mtu kwenye kilima hiki aliyeibeba yote mgongoni, na harusini nilimfanya aitikie kwa kichwa.

Nikatoa simu. Nilikuwa nimejiandaa kusubiri mpaka Jumatatu, nimtazame usoni, nimweleze taratibu. Nikaona nikishateremka nitalegea. Nitamwona mtoto na kile kikombe cha sungura na nitasema haya, mlete. Mtandao kule ni wa kubahatisha, mpaka usimame ukingoni mwa uwanja penye mti wa matunda damu. Nikasimama hapo. Mama akanifuata na ungo wake, akasimama nyuma yangu kidogo.

Mwanangu akapokea haraka, nadhani alikuwa ameikalia simu. Nikamwambia niko kwa bibi yake. Nikamwambia asiondoke kabla hajapata njia ya kwenda na mtoto, au kabla hajakaa na baba wa mtoto kule Kingolwira wakaelewana kama wazazi, na kama vyote vimeshindikana basi asubiri mtoto akue. Nikamwambia nampenda na nampenda mjukuu wangu, na likizo aje huku tumlishe njegere mpaka achoke. Lakini kulea, hapana. Pale mwishoni sauti ilinitoka ndogo.

Upande wa pili kulikuwa na mkwaruzo tu, na yeye akiita, Mama? Mama, unanisikia?

Nikageuka kumtazama mama yangu. Nadhani nilikuwa nataka aniambie niache, aniambie basi tu, mtoto wa mwenzio ni wako, tutamlea sote. Alikuwa amekumbatia ungo kifuani, kichwa ameinamisha upande wa simu.

"Sema tena," akaniambia. "Hajasikia."